Shilingi ikiteremka, akiba uiweke wapi? Mwongozo kwa mtu wa Malindi

Nilikaa miaka sita nyuma ya kioo cha duka la kubadilisha fedha hapa Malindi, na swali nililoulizwa zaidi kuliko yote halikutoka kwa mtalii. Lilitoka kwa majirani zangu: "Dada, ninunue dola?" Kazi ile niliiacha zamani. Siku hizi naweka hesabu za chama chetu cha akina mama, lakini swali bado linanifuata sokoni, harusini, hata matangani. Shilingi ikitikisika kidogo tu, simu yangu hailali. Basi nimeamua kuliandika jibu mara moja, anayeuliza tena nimtumie hili.

Jibu lenyewe nitalitoa sasa hivi, usihangaike kulitafuta chini: inategemea pesa hiyo utaitumia lini, na utanunulia nini. Ukijua hayo mawili, yaliyobaki ni kazi ya daftari na kalamu. Usipoyajua, hakuna sarafu duniani itakayokuokoa.

Hesabu moja kabla ya yote

Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Mwisho wa mwaka huo ilifika 156, na Januari 2024 ikapita 160. Serikali ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la kulipa Juni 2024, na kila mtu aliogopa halitalipika. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 nje ili kununua sehemu kubwa ya deni lile, hofu ikaisha, na kufikia nusu ya pili ya mwaka dola ilikuwa imetulia karibu na 129.

Sasa mchukue mtu aliyekimbilia dirishani Januari 2024 na shilingi 100,000. Kwa bei ya 160 alipata dola 625. Baadaye mwaka ule akahitaji karo, akaziuza kwa 128. Akapewa shilingi 80,000. Elfu ishirini zimekwenda na maji, na hakuibiwa na mtu.

Si mara ya kwanza. Oktoba 2011 dola ilifika 107, nami nilikuwapo dirishani, foleni imefika hadi barabarani. Mwisho wa Desemba ilikuwa 85. Wazee wanakumbuka 1993: shilingi iliuanza mwaka ikiwa karibu 36 kwa dola, ikaumaliza ikiwa 68, na mwisho wa 1994 ikawa imerudi 45. Mara zote tatu, waliofaidi ni walionunua mapema, kimya kimya. Dola ikishaanza kuzungumzwa barazani baada ya swala ya Alasiri, jua umechelewa.

Lakini tazama pia upande wa pili: kutoka 45 hadi 129 ni safari ya upande mmoja, ingawa imechukua miaka thelathini. Kwa akiba ya muda mrefu, shilingi peke yake huliwa polepole kama boriti yenye mchwa.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Simu hufutika, na watoto huichezea.
- Kitambulisho na PIN ya KRA. Bila hizi hutafika mbali katika hatua ya 5 na ya 6.
- Akaunti ya benki iliyo hai, kwa jina lako mwenyewe. Si la kaka wala la mume.
- Orodha ya madeni yako yote, hata lile la duka la mangi ambalo hutaki kulitazama.
- Bei ya dola na yuro ya leo kutoka Benki Kuu ya Kenya. Huitangaza kila siku ya kazi kwenye tovuti yake. Hiyo si bei utakayouziwa dirishani, ni kipimo cha kumpimia anayekuuzia.

Hatua ya 1: Gawa pesa kwa tarehe, si kwa kiasi

Chora mistari mitatu daftarini.

Fungu la kwanza ni la jiko: kodi ya nyumba, unga, mafuta, karo ya muhula huu, nauli. Wengi wetu hapa tunaishi kwa msimu. Wageni huja Julai hadi Septemba, kisha Desemba hadi Machi. Masika yakianza, hoteli nyingi hufunga na mpishi, mlinzi wa nyumba ya Muitaliano na muuza vinyago wote hukaa. Kwa hiyo fungu la jiko la mtu wa Malindi si la mwezi mmoja. Liwe la miezi minne.

Fungu la pili ni la jambo linalojulikana: injini ya boti, mabati, mahari, safari ya Hija, chuo cha mtoto. Andika jambo, tarehe, na muhimu kuliko yote, bei yake inafuata shilingi au inafuata dola. Mawe ya matumbawe na fundi wa kukoroga udongo ni shilingi. Injini ya boti ni dola, hata kama muuzaji amekuandikia bei kwa shilingi.

Fungu la tatu ni la uzee na la dharura kubwa.

Ukishindwa kuigawa pesa hivi, simama hapa. Usiende hatua ya 6 kwa sababu ndiyo inayokuvutia. Naijua tamaa hiyo, niliitazama usoni miaka sita.

Hatua ya 2: Ondoa madeni ya simu kwanza

Mkopo wa simu unaotoza asilimia 7 au 8 kwa siku thelathini ni moto mkubwa kuliko kuteremka kwa shilingi. Mwaka 2023, mwaka mbaya kweli, shilingi ilipoteza thamani yake kwa kiasi ambacho mkopo wa namna hiyo, ukiuzungusha, hukutoza kwa miezi mitatu tu. Mtu anayenunua dola huku ana mkopo wa simu anateka maji kwa tenga.

Deni la shilingi lenye riba ndogo isiyopanda, kama la chama au SACCO, si la kukimbizana nalo. Shilingi ikishuka, deni lile nalo linakuwa jepesi. Deni la kuogopa kuliko yote ni la dola au yuro kwa mtu anayelipwa shilingi. Kuna wenye maduka ya mjini waliokubali kulipa kodi kwa yuro kwa sababu mwenye jengo yuko Italia, na 2023 waliijua adha yake. Kama uko kwenye mkataba kama huo, omba kodi iandikwe kwa shilingi sasa, wakati mambo yametulia.

Hatua ya 3: Fungu la jiko libaki shilingi, lakini lisikae ndani ya mto

Unga hununui kwa dola. Ukibadilisha pesa ya jiko kwenda dola na kuirudisha, umelipa duka la fedha mara mbili bila sababu.

Iweke mahali unapoweza kuitoa kwa siku chache: akaunti ya akiba, SACCO iliyosajiliwa na SASRA, mamlaka inayozisimamia, au mifuko ya soko la fedha, ile vijana wanaiita MMF. Mifuko hii huanza kwa mamia ya shilingi tu, faida huhesabiwa kila siku, kodi ya asilimia 15 hukatwa kwenye faida, na pesa hutoka baada ya siku mbili tatu za kazi. Kabla ya kuweka hata shilingi, hakikisha jina la kampuni limo kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Jina zuri na ofisi yenye vioo si leseni.

*Tahadhari.* Anayeona benki haziaminiki na kufukia noti chini ya kitanda akumbuke Juni 2019. Serikali ilitangaza kwamba noti za zamani za 1,000 hazitatumika tena baada ya Septemba. Zaidi ya noti milioni 7 hazikurudishwa, zikawa karatasi. Hapo bado sijataja panya na moto wa makuti.

Hatua ya 4: Kama unajua utanunua nini, nunua kitu chenyewe

Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote, na bado sijaona iliyoishinda kwa mtu wa kipato kidogo. Nahodha mmoja wa Mayungu aliniuliza kuhusu dola mwaka 2022. Nikamuuliza anazitaka za nini. Akasema anataka kubadilisha injini mwaka ujao. Nikamwambia: injini ni dola tayari, ina propela tu. Akainunua mwaka ule ule. Mwaka uliofuata bei dukani ilipanda kwa kadiri ambayo hakuna akaunti ingemlipa.

Vitu vinavyofaa kununuliwa mapema ni vile visivyooza, visivyopitwa na wakati, na ambavyo una hakika utavitumia: mabati, nondo, bomba za maji, nyavu, spea za pikipiki, cherehani. Weka risiti, na weka vitu mahali pakavu. Chumvi ya bahari yetu haina huruma na chuma, kwa hiyo nondo zifunikwe na zisilale chini.

*Tahadhari.* Saruji usiirundike. Baada ya miezi mitatu hivi kwenye unyevu wa pwani huanza kuganda mfukoni. Na usinunue kitu kwa ajili ya kukiuza tu kama hiyo si biashara yako. Nimeona friji tatu mpya zimekaa sebuleni kwa mtu mwaka mzima.

Kuhusu viwanja, nitapita haraka. Ardhi hulinda akiba vizuri, ila Malindi na vitongoji vyake vina historia ndefu ya viwanja vyenye wenyewe wanne. Usitoe pesa kabla ya kufanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, wewe mwenyewe, si kwa kupitia kijana wa dalali.

Hatua ya 5: Pesa usiyoihitaji kwa miezi sita au mwaka, ikopeshe serikali

Benki Kuu ina mfumo wake wa kununulia dhamana za serikali, na hakuna anayekuambia kwamba umepewa jina la dhau: DhowCSD. Ulianza 2023. Zamani ilibidi kujaza fomu na kuzipeleka ofisini. Sasa unafanya kwa simu.

a) Jisajili kwenye programu au tovuti ya DhowCSD kwa kitambulisho, PIN ya KRA, picha na namba ya akaunti yako ya benki. Kufungua hakulipishwi.

b) Ukikubaliwa, utaona dhamana zinazouzwa wiki ile. Za muda mfupi ni za siku 91, 182 na 364. Kima cha chini ni shilingi 50,000.

c) Kwenye ombi, chagua kukubali riba ya wastani. Usianze kujipangia riba yako mwenyewe. Hiyo ni michezo ya mabenki.

d) Matokeo yakitoka, utaona kiasi cha kulipa na namba ya malipo. Lipa kupitia benki yako kabla ya muda kwisha. Anayeomba kisha halipi anaweza kufungiwa.

Hapa ndipo panapomuumiza yule aliyenunua dola kwa 160. Januari ile ile ya 2024, dhamana ya siku 364 ilikuwa inalipa zaidi ya asilimia 16. Laki yake ingekuwa kama 113,000 baada ya kodi, badala ya 80,000. Wakati wa msukosuko serikali hulazimika kulipa riba kubwa ili watu wasiikimbie shilingi. Mwezi uliofuata ilitoa hatifungani (dhamana ya muda mrefu) ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa asilimia 18.46, tena bila kodi. Viwango hivyo havidumu. Mwisho wa 2025 dhamana za muda mfupi zilikuwa chini ya asilimia 10. Linganisha kila mara na mfumuko wa bei anaoutangaza mtakwimu wa taifa mwisho wa mwezi. Riba ya asilimia 8 wakati bei zinapanda kwa 9 ni kupiga hatua nyuma.

Kwa Mwislamu anayejiepusha na riba, hatua hii irukwe. Tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, zenye akaunti za kugawana faida za mudharaba. Uliza mgawo uliolipwa mwaka uliopita, si ule wanaoutarajia. Na hatua ya 4 na ya 7 zimewekwa kwa ajili yako.

Hatua ya 6: Fedha za kigeni, kwa kiasi na kwa sababu

Haya, tumefika. Kanuni ninayoitumia ni moja: nunua dola kwa ajili ya kitu kitakacholipiwa kwa dola, au kwa fungu la tatu ambalo hutaligusa kwa miaka mitano na zaidi. Kwa fungu hilo la tatu, mimi siweki zaidi ya theluthi moja nje ya shilingi. Hiyo ni hesabu yangu, si sheria.

Mfano mzuri ni Hija. Vifurushi vingi hutajwa kwa dola, na riyali ya Saudia imefungwa kwa dola kwa 3.75 tangu 1986. Anayeweka akiba ya Hija kwa shilingi kwa miaka saba anakimbiza lengo linalosogea. Huyo ana haki ya kununua dola kidogo kidogo.

Kidogo kidogo ndiyo siri. Chagua siku moja ya mwezi, tuseme tarehe 5, na kiasi kile kile cha shilingi kila mwezi. Bei iko juu, utapata chache. Iko chini, utapata nyingi. Usiruke mwezi kwa sababu ya habari za televisheni, na usiongeze kwa sababu hiyo hiyo.

Dirishani fanya hivi:

a) Tazama ubao. Una bei mbili. Ile ndogo ndiyo wanayonunulia kwako, kubwa ndiyo wanayokuuzia. Kama ni 127 na 131, kwenda na kurudi kumekula shilingi 4 kwa kila dola, kama asilimia 3. Tembelea madirisha matatu kabla ya kutoa pesa. Tofauti ya barabara moja hadi nyingine inaweza kukulipia chakula cha mchana.

b) Omba noti za 100, mpya, zisizo na mikunjo mibaya, wino wala mhuri. Noti ndogo za 1, 5 na 10 hununuliwa kwa bei duni siku ya kuziuza. Zile za zamani zenye kichwa kidogo, za kabla ya 1996, maduka mengi huzikataa.

c) Kwa yuro, iache noti ya 500. Ulaya iliacha kuitoa 2019. Bado ni halali kwao, lakini hapa utazunguka nayo kama mtu mwenye paka kwenye gunia.

d) Hesabu mbele ya kioo, chukua risiti, na iandike bei daftarini. Bila hiyo bei hutajua kamwe kama ulifaidi.

*Tahadhari kubwa.* Usibadilishe pesa barabarani, ufukweni wala ndani ya gari la mtu. Anayefanya biashara hiyo bila leseni ya Benki Kuu anavunja sheria, na wewe ndiye utakayebaki na karatasi. Wale wa wash wash, matapeli wa noti bandia, hawako Nairobi tu. Noti ya juu huwa ya kweli, na ya chini huwa ya kweli; za katikati ni karatasi.

Ukishazidi dola mia kadhaa, fungua akaunti ya dola benki. Uliza mambo manne: kima cha chini, ada ya mwezi, ada ya kutoa noti, na kama wanalipa faida yoyote. Mara nyingi faida ni ndogo au haipo. Baadhi ya mifuko ya soko la fedha ina tawi la dola linalolipa zaidi.

Hata hivyo, dola iliyo benki si sawa na dola iliyo mkononi. Lebanoni walilijua hilo Oktoba 2019. Benki ziliwafungia watu dola zao, na salio likabaki kuandikwa kwenye skrini tu. Sisemi Kenya iko huko. Nasema kama ni akiba ya maisha, usiiweke yote chini ya paa moja.

Kwa wanaolipwa yuro, yaani mpishi, mlinzi, kijana wa boti ya kupeleka wageni Watamu: ninyi mna kinga tayari, msiivunje. Badilisha ya matumizi ya mwezi tu, iliyobaki iacheni kama ilivyo. Lakini yuro si dola. Julai 2022 yuro moja ilikuwa sawa na dola moja, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka ishirini. Kama akiba yote ni yuro, changanya.

Na kuhusu zile dola za kidijitali ambazo vijana huniuliza: zinafuata bei ya dola, kweli. Kama huwezi kuzipokea, kuzihifadhi na kuziuza mwenyewe bila kumshirikisha rafiki wa rafiki, basi si akiba, ni pesa iliyo mfukoni mwa rafiki wa rafiki.

Hatua ya 7: Dhahabu, kama walivyofanya bibi zetu

Bangili za bibi hazikuwa pambo tu. Bei ya dhahabu hupangwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikianguka, dhahabu hupanda. Aunsi moja ilikuwa karibu dola 2,000 mwanzo wa 2024, na Oktoba 2025 ilipita 4,000. Kupanda huko si ahadi. Miaka ya 2013 hadi 2015 ilishuka hadi watu wakaisahau.

Nunua kwa uzito. Sonara apime mbele yako, aandike gramu na karati kwenye risiti: 22, 21 au 18. Muulize bei ya dhahabu ni ngapi na ya ufundi ni ngapi, maana siku ya kuuza ufundi haurudi. Kipande kizito chenye nakshi chache ni akiba. Mkufu wenye mawe ya rangi ni zawadi. Sonara wa Mombasa na wa hapa huweza kutofautiana sana, na nauli ya matatu inaweza kujilipa.

Mwenye kufikia nisabu, gramu 85, asisahau zaka kila mwaka unapotimia.

Hatua ya 8: Tazama mpaka wa bima

Shirika la bima ya amana hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye akaunti katika kila benki, benki ikianguka. Kabla ya 2020 ilikuwa 100,000 tu. Ukivuka laki tano, fungua benki ya pili. Kufungua akaunti mbili benki moja hakusaidii.

Kisha funga daftari. Lifungue tena masika yakianza na msimu ukianza. Mara mbili kwa mwaka zinatosha. Anayetazama bei ya dola kila asubuhi hatimaye atafanya jambo la kijinga, na nasema hivi nikiwa mtu aliyelipwa kuitazama.

Mambo yakienda mrama

*Nilinunua dola kwa 160, nifanye nini?* Rudi hatua ya 1. Kama ni fungu la jiko, uza unazohitaji, meza uchungu. Kama ni za chuo cha mtoto wa darasa la nne, ziache. Kitu usichopaswa kufanya ni kununua nyingine ili "kurudisha" hasara.

*Benki inasema dola hazipo.* Ilitokea 2023. Waliokuwa wakinunua kidogo kidogo hawakushtuka. Uliza benki nyingine na madirisha ya mjini. Ukikuta bei imeachana sana na ya Benki Kuu, subiri kama unaweza, lipa kama ni matibabu ya nje.

*Chama kinagombana: nusu wanataka dola, nusu wanataka kiwanja.* Yalitukuta. Tuliandika fungu la kila mwanachama na tarehe anayoihitaji pesa, ugomvi ukaisha wenyewe, kwa sababu wengi walikuwa wanaihitaji Januari kwa ajili ya karo. Pesa ya Januari haina haja ya dola wala ya kiwanja.

*Nina noti ya kigeni iliyochanika.* Jaribu benki kabla ya duka la fedha. Wengine huipokea kwa makato. Usiigundishe kwa selotepu kwanza.

*Nimekuta noti za zamani za kigeni kwenye sanduku la marehemu.* Usisubiri. Mwaka 2013 mzee mmoja alinijia dirishani na kopo la maziwa limejaa lira za Italia, bakshishi za miaka ya themanini na tisini. Italia ilikuwa imefunga mlango wa kuzibadilisha tangu Desemba 2011. Nilizihesabu zote, kwa heshima yake, kisha nikamrudishia.

*Nina sarafu za yuro, na kila dirisha linazikataa.* Ni kweli, sarafu hazipokelewi, noti tu. Lakini anayerudi kwao anazihitaji. Zipange kumi kumi, uende kwa wageni wanaoondoka, hasa wale wazee Waitaliano wanaofunga nyumba zao mwisho wa Machi. Wanajua wanazihitaji kwa kahawa ya uwanja wa ndege na kigari cha supamaketi. Omba noti ya 20 kwa sarafu za 20, bila kuongeza wala kupunguza. Nenda asubuhi, kabla gari la kuwapeleka Mombasa halijafika.